Hamartia si dosari

Daftari langu la fasihi la kidato cha sita lilikuwa na ukurasa uliopigwa mstari katikati kwa rula: kushoto istilahi, kulia maana. "Hamartia: dosari ya tabia inayomwangusha shujaa." Nikaikariri, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Miaka mingi baadaye niliisoma taratibu tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus, bila mtihani mbele yangu, nikagundua kwamba fasili ile ilinifanya nimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Hamartia limetokana na kitenzi ambacho Wagiriki walikitumia hata kwa mrusha mkuki: kukosa shabaha. Nasi tunasema vivyo hivyo. Mwindaji amemkosa swala. Mtoto amekosa, aombe radhi. Kitenzi ni kilekile. Neno "kosa" tulikuwa nalo mdomoni, tukaliacha tukachukua "dosari", neno la ufa kwenye chungu. Dosari mtu huwa nayo, kosa mtu hulitenda. Wapo pia wanaosema ni "dhambi", kwa kuwa ndiyo maana yake katika Agano Jipya la Kigiriki, lakini Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyelitumia neno hili kueleza anguko la shujaa, aliandika karne ya 4 KK, na yeye anasema waziwazi kwamba shujaa huyu haanguki kwa uovu wake.

Mtazame Oedipus. Anaambiwa kwenye hekalu la utabiri huko Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Basi harudi tena Korintho, mji alikolelewa, asije akawadhuru wale anaowajua kuwa wazazi wake. Kwenye njia panda anakutana na mzee ndani ya gari la farasi, anapigwa mchokoo wa kichwa, naye anajibu kwa kuua. Mzee yule ni Laius, baba aliyemzaa. Hasira anazo, sikatai. Lakini alichokuwa anakikimbia ndicho alichokiendea, kwa kuwa hakujua yeye ni mtoto wa nani.

Istilahi mbili nyingine, peripeteia (mgeuko wa ghafla wa mambo) na anagnorisis, mimi huziona vizuri zaidi kwa mjumbe wa Korintho. Anakuja na furaha: Mfalme Polybus, yule Oedipus anayemjua kuwa baba yake, amefariki, watu wanamtaka Oedipus akatawale. Oedipus anasita, bado mama yupo hai. Mjumbe, kwa nia njema kabisa, anamtoa hofu: wale hawakukuzaa, mimi ndiye niliyekupokea mlimani ukiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Hiyo ndiyo peripeteia. Neno la kumtuliza linageuka palepale kuwa la kummaliza, na Aristotle mwenyewe ametoa mfano huuhuu.

Anagnorisis, yaani kutambua, inaanza kwa mwingine. Jocasta, mjane wa Laius ambaye Oedipus amemwoa bila kujua kuwa ndiye mama yake, amesimama kando, anasikiliza. Amekwisha kuelewa. Anamsihi mumewe aache kuuliza, na Oedipus anadhani mke anaona aibu ya kuolewa na mtoto wa watumwa. Mama anaingia ndani. Sijui tukio jingine la jukwaani linaloniumiza kama hilo, na hakuna jedwali la istilahi litakalokuonyesha.

Hata "tanzia", jina tunaloipa kwa Kiswahili aina hii ya mchezo, neno tulilozoea kuliona juu ya matangazo ya misiba, linampa msomaji matarajio yasiyo sahihi. Oedipus hafi mwishoni mwa mchezo. Orestes, katika mchezo wa Aeschylus, mtunzi mwingine wa Kigiriki, anashtakiwa Athens kwa kumuua mama yake, kura zinalingana, anaachiwa huru. Wagiriki waliiita hiyo nayo tragedia.

Kwa hiyo walimu wenzangu, naomba tuanze na mchezo, istilahi zifuate. Mimi huanzia kwa mchungaji mzee anayetishiwa mateso ili aseme mtoto yule alikuwa wa nani. Anasema amefika kwenye neno la kutisha kulitamka. Oedipus anamjibu kwamba naye amefika kwenye la kutisha kulisikia, lakini lazima alisikie. Hapo huwa nafunga kitabu kwa muda, nawauliza wanafunzi: alikosa wapi?