Seva za Windows na Linux ofisi moja: bakapu iwe moja au kila seva na yake?

Ndani ya wiki mbili nimeulizwa swali lile lile na watu watatu, wawili wako Arusha na mmoja yuko Moshi, wote wanasimamia seva kwenye ofisi za kawaida tu za huku kwetu: kampuni ya utalii, hospitali ndogo, saccos. Hali zao zinafanana. Kuna seva ya Windows ya uhasibu, kuna seva ya Ubuntu (aina ya Linux) yenye mfumo wa bukingi au wa wagonjwa, na pembeni kuna boksi la FreeBSD (mfumo mwingine unaofanana na Linux) la kutunzia mafaili ambalo lilifungwa na fundi aliyeshaondoka zamani. Sasa wanauliza, tuweke programu moja ya bakapu inayozifikia zote kupitia mtandao, kama Bacula au Bareos, au tuache kila seva ijitegemee kama tulivyozoea? Na ukiwasikiliza vizuri unagundua jibu wanalo tayari, kwamba hizo programu ni za data senta za Ulaya, sisi zitatusumbua bure. Hilo jibu ndilo nataka tulipime, maana naona kuna upande mmoja wa hii kesi haupewi nafasi kabisa.

Upande uliozoeleka una hoja za kweli na nisingependa mtu aseme nimeuruka. Windows Server inakuja na Windows Server Backup ndani yake, hulipi kitu. Linux ina rsync ya kunakili mafaili, ina tar ya kuyafungasha, ina cron ya kuviamsha usiku. Fundi yeyote aliyepita chuo anavijua, ukiacha kazi leo anayekuja anasoma skripti yako (orodha ya amri) ya mistari 15 anaelewa, huhitaji mashine ya ziada wala hifadhidata ya ziada ya kulea. Na bakapu ya seva moja ikiharibika hizo nyingine haziguswi. Hiyo ya mwisho nitairudia mbele, kwa sababu ni nzito kuliko hata wanavyoisema wenyewe.

Lakini vile vifaa vina tabia ambazo mtu anazigundua siku mbaya. Windows Server Backup ukiielekeza kwenye folda ya mtandao inabaki na bakapu moja tu, ya mwisho, kila usiku inafuta ya jana na kuweka ya leo, kwa hiyo faili likiharibika Jumatatu ukaja kushtuka Alhamisi huna tena lile zima. rsync ukiiwekea ifute kule kilichofutwa huku unakuwa na kioo, sio bakapu, mhasibu akifuta folda mchana usiku kioo nacho kinaifuta. Ukikopi mafaili ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, wakati inafanya kazi unapata kitu kinachofanana na hifadhidata ila siku ya kukiwasha kinaweza kugoma, unatakiwa utumie pg_dump, kifaa chake cha kutoa nakala, au njia zake nyingine rasmi. Alafu kuna ile ya diski ya nje iliyofomatiwa exFAT ili isomeke Windows na Linux kote kote, watu wanaipenda sana, wakati exFAT haijui umiliki wala ruhusa za mafaili ya Linux, kwa hiyo unarudisha mafaili yote yapo, hakuna lililopotea, na mfumo bado haufanyi kazi kwa sababu kila faili limebadilika mmiliki.

Hayo yote lakini yana dawa, fundi makini anayaepuka. Kinachoninyima usingizi ni kingine, na hapa ndipo naona mjadala wetu unapotea: skripti haiwezi kukwambia kwamba yenyewe imekufa.

Niliitwa ofisi moja Moshi mjini, umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa mfululizo na hifadhidata yao ikawa haiwaki. Nikauliza bakapu, wakanionyesha diski nyuma ya seva, imefunikwa vumbi jekundu, ina plasta nyeupe imeandikwa kwa kalamu BAKAPU USITOE, na kitaa chake cha bluu kinapepesa. Kile kitaa ndo kilikuwa ushahidi wao wote. Nilipofungua logi (daftari la matukio ya seva) nikakuta cron ilikuwa mwaminifu kabisa, kila siku saa nane usiku inaamka, inajaribu kuandika, inaambiwa diski imejaa, inaandika hilo kosa kwenye faili la logi ndani ya seva ile ile na kulala. Miezi mitano. Nakala ya mwisho iliyokuwa nzima ilikuwa ya mwezi wa pili na sisi tulikuwa mwezi wa saba. Nilivyotoka pale jioni wadada watatu walikuwa wameshakaa chini kwenye korido na maboksi ya risiti, wanazipanga kwa tarehe ili waanze kuingiza upya moja moja.

Usidhani ni mambo ya ofisi ndogo za mkoani. Tarehe 31 Januari 2017 pale GitLab, kampuni inayotunza msimbo (code) wa programu za maelfu ya waandaa programu, injinia mmoja usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Yalikuwa kama GB 300, akashtuka zimebaki 4.5. Walikuwa na njia tano za bakapu na za kunakili data, tano, na wenyewe wakaandika hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kuaminika. Ile pg_dump ya kila siku ilikuwa inatumia toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6, ikawa inafeli. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba imefeli zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua kwa sababu hazikuwa zimesainiwa inavyotakiwa. Picha za diski kule kwenye wingu hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono masaa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa, na kuirudisha kulichukua kama masaa 18.

Mimi hiyo habari nimeirudia mara nyingi kwa sababu ya hiyo namba tano. Watu wakiisikia wanasema wangeongeza uangalifu, mimi nasikia kingine: njia tano, kila moja na mahali pake pa kuangalia, kila moja na lugha yake ya kusema nimefeli, na hakuna mtu ambaye kila asubuhi alikuwa na ukurasa mmoja mbele yake unaosema hii sawa, hii sawa, hii hapana. Ofisi yenye Windows, Ubuntu na FreeBSD kila moja na kifaa chake ndo iko hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa tu.

Sasa hizi programu za mtandao zinafanyaje. Bacula ilianzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na ikatoka hadharani 2002, Bareos ni tawi lililotoka humo humo, zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Kila seva unaiwekea wakala mdogo anayesubiri kwenye poti (mlango wa mtandao) namba 9102, upo wa Windows, upo wa Linux, upo wa FreeBSD. Kuna mkurugenzi anayekaa kwenye mashine yake, yeye ndo mwenye ratiba, anawapigia mawakala mmoja mmoja, na mafaili yanakwenda kwa mtunza stoo ambaye ndiye anaandika kwenye diski au tepu. Kila faili lililopita linaandikwa kwenye katalogi, ambayo ni hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL: faili gani, la seva gani, la tarehe gani, liko kwenye volumu (faili kubwa la bakapu au tepu) ipi.

Uzuri ni huyo mkurugenzi kukaa nje. Seva ya uhasibu ikizimika, ikipigwa virusi, mtu akiichomoa waya ili achaji simu, wakala wake hatajibu na mkurugenzi ataandika kwamba nimempigia hakupokea, kazi imefeli. Yaani ukimya wenyewe unageuka kuwa taarifa. Na yule wakala wa Windows anatumia VSS, njia ya Windows yenyewe ya kupiga picha ya diski ikiwa inatumika, kwa hiyo anachukua hata mafaili yaliyo wazi na anabeba ruhusa za NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) kama zilivyo, kitu ambacho ukivuta mafaili kwa njia ya folda ya kushea mara nyingi unakiacha nyuma.

Alafu kuna kurudisha. Mhasibu anakuja anasema nataka ile Excel ya mwezi wa tatu kabla haijaguswa. Kwenye utaratibu wa diski nne na skripti tatu hiyo ni kazi ya mchana mzima, unachomeka hii, sio yenyewe, unachomeka ile. Kwenye Bacula unaandika restore, unachagua seva, unatoa tarehe, inakujengea folda kama zilivyokuwa siku ile, unatembea ndani yake kwa cd na ls, unaliwekea alama faili lako, basi. Mimi hii mara ya kwanza kuifanya nilirudia mara mbili maana sikuamini nimemaliza.

Ugumu upo, na anayekwambia haupo hajawahi kuifunga. Mafaili ya konfigu (mipangilio) ni ya kuandika kwa mkono na paswedi lazima zifanane pande zote mbili, ukikosea herufi moja wakala anakukatalia. Mkurugenzi na mtunza stoo wawe toleo moja, wakala awe sawa nao au nyuma yao, asiwatangulie. Ukitaka mafaili ya Windows uje uyarudishe hata kwenye Linux lazima uweke chaguo linaloitwa portable mapema, na ukiiweka unapoteza umiliki na ruhusa zake za Windows, inabidi uchague. Na katalogi nayo iwe na bakapu yake, kuna kazi ya hivyo ndani ya mfano wa konfigu wanaokupa, usiifute kwa sababu huielewi. Mimi kwa seva tatu nimehesabu ni kama siku mbili za kazi kwa mtu anayeanza, na naona siku mbili ukizilinganisha na ile korido ya risiti ni kidogo mno.

Wako wanaosema basi tununue kubwa ya kulipia tuachane na konfigu. Ni njia halali. Veeam kwa mfano ina mawakala wa Windows na wa Linux, na ina toleo la bure kwa ofisi ndogo, kikomo chake mizigo 10 (seva moja ni mzigo mmoja), kwa wengi wetu inatosha kabisa. Na kufunga kwake ni kubofya tu.

Hapo hapo ndo ile hoja ya upande wa kwanza inarudi kwa nguvu zote. Programu moja inayozifikia seva zote ina funguo za seva zote. Septemba 2024 lilitangazwa tundu la usalama la Veeam, namba yake CVE-2024-40711, uzito wake 9.8 kati ya 10, mtu anaingia bila hata kuwa na paswedi, na haikupita muda wahalifu wa Akira na Fog, wale wanaofunga mafaili na kudai hela, wakawa wanalitumia. Unaona kwa nini wanalipenda? Ukimshika mwenye bakapu umeshika ofisi nzima na umeondoa na njia ya kupona. Bacula hapa haina kinga ya kuzaliwa, mkurugenzi ukimwacha wazi kwenye intaneti ni yale yale. Kwa hiyo mwenye skripti zake tatu akisema mimi angalau hawanimalizi kwa mkupuo, anasema kweli, na sina la kumpinga isipokuwa kwamba mkurugenzi unaweza kumfungia mlango: asiunganishwe na domeni ya Windows ya ofisi (mfumo unaobeba akaunti zote za ofisi), asiwe na paswedi inayofanana na yoyote, poti zake zifunguliwe kwa seva zile tatu tu. Wakati ule ukimya wa skripti sijaona mlango wa kuufunga, zaidi ya mtu kuamka kila siku kusoma logi kwenye mashine tatu, na mtu huyo mwezi wa saba watalii wakijaa hasomi.

Kwa hiyo mwenye seva moja, au mbili za mfumo mmoja, abaki na vifaa vyake, asijitese. Kuanzia mifumo miwili tofauti na kuendelea, mimi naweka mkurugenzi, na yule wa saccos nimeshamwambia hivyo.

Wa kampuni ya utalii tulikwama kwenye jingine, nakala ya nje ya jengo. Ana TB 1.5 na laini yake inapandisha Mbps 20. Tukapiga hesabu, ni karibu siku saba mchana na usiku bila kukatika, wakati ndani ya ofisi kwenye waya wa gigabiti ni chini ya masaa manne. Na humo kuna kopi za pasipoti za wageni, ambazo tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huwezi kuzitembeza ovyo. Tukakubaliana wakala wake asimbe mafaili (ayafunge kwa ufunguo) kabla hayajatoka kwenye seva, ufunguo uchapishwe kwenye karatasi na ukae kwenye sefu ya bosi wao, maana ukipotea hakuna wa kufungua. Diski ni mbili. Kila Ijumaa moja inapanda gari kwenda ofisi yao ya Moshi, kilomita 80, na ile ya wiki iliyopita inarudi.