Nani Hasa Anashikwa Mkono?

Jumamosi iliyopita niliondoka klabuni nimenuna. Binti mmoja anayesoma chuo huko Marekani, amerudi likizo, alicheza mashindano yetu ya gofu. Kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, ya par 3 (shimo la mikwaju mitatu) akamgeukia kocha wake wa zamani aliyesimama kando na kumuuliza, "Mwalimu, mpira unapinda kulia au unakwenda moja kwa moja?" Kuomba tu ushauri hivyo ni kosa. Sheria ya 10.2, adhabu mikwaju miwili. Kamati ikaandika, binti akakubali bila neno. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza mezani. "Huko vyuoni wana sheria zao," akasema mzee mmoja huku anamega mishikaki. "Makocha wanawashika mkono kama watoto wa chekechea. Ndiyo maana wakija huku wanachemsha." Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nikampa shikamoo yake, nikanyamaza. Mzee ni mzee. Ila ukurasa huu ni wangu, na leo nasema.

Kwanza, hakuna cha "sheria zao". Kitabu ni kimoja, kinatolewa na wasimamizi wa sheria za gofu, R&A ya St Andrews, Scotland, kwa pamoja na USGA ya Marekani, na vyuo vya Marekani chini ya NCAA, chombo cha michezo ya vyuo, vinachezea hicho hicho. Kinachotofautiana ni yale ambayo kitabu chenyewe kinaiachia kamati iamue. Soma Sheria ya 24.4: kwenye mashindano ya timu, kamati inaweza kuruhusu timu iwe na mtu wa kutoa ushauri. NCAA wameitumia ruhusa hiyo kwa makocha. Ryder Cup nako, Ulaya dhidi ya Marekani, nahodha, kama Luke Donald wa Ulaya pale Bethpage 2025, anaruhusiwa kumshauri mchezaji wake Rory McIlroy katikati ya mechi. Mbona hiyo hatukuiita chekechea? Tulikaa mbele ya televisheni tukisifia mbinu.

Na gofu ya chuo ni ya timu hasa. Ubingwa wa wanaume tangu 2009, na wa wanawake tangu 2015, unaamuliwa na timu nane zinazotoana mechi kwa mechi, watano dhidi ya watano, na anayefikisha pointi tatu ndiye anayesonga. Ukiniambia kocha akae kimya kwenye mashindano ya namna hiyo, nitakuuliza analipwa kwa kazi gani.

Sasa tuje kwenye huko kushikwa mkono, maana ndiko kulikonikera. Mchezaji wa chuo hana kedi, yule mtu wa kubeba begi na kushauri. Begi anabeba mgongoni mwenyewe au anasukuma kitoroli. Mashindano mengi ni ya mashimo 54, na mara nyingi siku ya kwanza wanacheza 36, wanaanza asubuhi na kumaliza jua linazama. Kocha ana watoto watano waliotawanyika uwanja mzima, na akibahatika ana msaidizi mmoja. Kwa hiyo anafanya kinachowezekana: anajiweka kwenye tee, pa kupigia mkwaju wa kwanza, ya par 3 ngumu, kila mchezaji wake akipita anamwambia upepo wa juu unavyokwenda na upande gani wa grini haufai kabisa, kisha anapanda kigari anahamia shimo lingine. Kwenye mashimo mengi yanayobaki binti yuko peke yake. Anapima mwenyewe, anasoma grini mwenyewe, anafukia mchanga wa banka mwenyewe, na akipoteza mpira anautafuta mwenyewe, dakika tatu, basi.

Halafu mwangalie mzee wangu yule yule. Begi limebebwa. Mpira ukiingia porini, kuna mtu keshaufikia kabla yeye hajashusha fimbo. "Bosi, chukua fimbo namba saba, upepo unarudisha." Anachukua saba. Kwenye grini kedi anachuchumaa, anaangalia, anasogea upande wa pili, anaangalia tena. "Bosi, lenga upana wa mpira mmoja nje ya shimo, kulia. Usibane." Ukiingia, bosi ana jicho. Ukikosa, "kedi wa leo hamna kitu". Mashimo yote 18 hivyo! Na kedi huyo ana uwezo wa kumfunga bosi wake kwa mikwaju kumi akiwa amevaa kandambili. Wachezaji wetu wa kulipwa, Tanzania na Kenya, wengi wametokea huko huko kwenye kubeba mabegi, na tunajua.

Hata kwa wanaolipwa hali ni ile ile. Mwaka 2019 sheria ilibidi ibadilishwe kwa sababu makedi walikuwa wanasimama nyuma ya wachezaji wao na kuwanyoosha kuelekea shimo kabla ya kupiga. Li Haotong wa China alikuwa mmoja wa wa mwanzo kunaswa, Dubai, Januari ile: kedi alichelewa kutoka nyuma yake, mikwaju miwili, akaporomoka kutoka nafasi ya tatu kwa pamoja hadi ya 12. Haya, hiyo ndiyo gofu ya kimataifa ya watu wazima.

Kuna jambo moja nawapa wapinzani, kwa shingo upande. Chuoni, kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, wanacheza watano, zinahesabiwa alama za wanne. Ukiharibu siku, timu inakufuta na maisha yanaendelea, na kijana anaweza kuzoea vibaya. Ila kabla hamjashangilia: Eisenhower Trophy, mashindano ya dunia ya timu za ridhaa yaliyoanza 1958, siku hizi wanacheza watatu na zinahesabiwa za wawili.

Mengine ni madogo. Vifaa vya kupimia umbali, chuoni ruksa, wakati PGA Tour, mashindano ya wanaolipwa Marekani, kwa miaka mingi walivizuia. PGA Championship ya 2021 ilipoviruhusu, mbingu haikuanguka. Pesa za matangazo ya kampuni zimefunguliwa kwa wanafunzi tangu Julai 2021, lakini mtoto wetu mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, inayombana kufanya kazi anabaki kuwatazama wenzake wakisaini mikataba. Hilo ndilo lingefaa kutukasirisha, na halijawahi kutajwa mezani pale.

Ninachoomba kwa kamati zetu ni kidogo. Mashindano ya klabu kwa klabu na ya timu za vijana, andikeni mstari mmoja kwenye masharti: kila timu ina mshauri mmoja, jina lake likabidhiwe kabla ya tee ya kwanza. Kitabu kinaruhusu tayari, hamhitaji kibali cha St Andrews. Na kwa mashindano ya mtu mmoja mmoja, hebu tufanye Jumamosi moja kwa mwezi bila makedi, huku makedi wenyewe wakiingia kucheza, ada walipe mabosi. Mzee wangu nitamwandikisha mimi.