Sikufukuzwa uwanjani, nilienda msalani

Kwanza kabisa wadau, SIKUFUKUZWA. Hilo tuliweke sawa kabla sijaendelea maana tangu jana usiku simu yangu haipumui, jamaa wa Mbagala ananiuliza eti umetolewa uwanjani na polisi wanne, shangazi yangu wa Tanga ambaye hata besiboli hajui ni mnyama gani kanitumia voisi ya dakika tatu, dakika moja ya pole, mbili za dua. Yote hiyo kazi ya Mangi. Mangi mnamjua, yule Yanga wangu tunayekaa naye huku Chicago, mtu akimeza siri inatokea sikioni. Kashaandika toleo lake kwenye grupu la masela wa Temeke na video kaweka. Sasa na mimi naleta la kwangu, mnivumilie makosa, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba kama andazi la jana.

Mnajua nashabikia White Sox, timu ya besiboli ya huku Chicago. Kwa wageni tu: huu mji una timu mbili, Cubs wa kaskazini wenye hela na watalii, na sisi wa kusini. Mi nakaa kusini, treni ya Red Line inanishusha mtaa wa 35 pua na mdomo na uwanja, nikaona basi timu ya nyumbani ndio hii, tena 2005 walikua mabingwa kwa hiyo njia wanaijua. Wadau, njia wameisahau. Mpaka Alhamisi wiki hii tulikua tumecheza mechi 25, tumeshinda 3. Tatu! Vipigo 22 na Aprili haijaisha. Siku ya ufunguzi tarehe 28 Machi 2024 tulifungwa 1-0 na Detroit, na mrushaji wetu, dogo Garrett Crochet, alirusha vizuri kabisa, nikasema aah moja bila sio kipigo, hiyo ni bahati mbaya. Kumbe ile ndio ilikua heshima ya mwisho. Detroit wakatupiga zote tatu, wakaja Atlanta wakatupa 9-0, na wachezaji wetu nao, Luis Robert akaumia, Eloy Jiménez akaumia, Yoán Moncada akaumia, yaani kama kuna mtu kakaa na orodha anapiga tiki. Wiki hii tumeenda Minnesota mechi nne, tumerudi na vipigo vinne.

Na huku hamna kushuka daraja. Kwetu timu ikianza hivi unajua kabisa mwisho wa msimu inaenda Championship kupumzika, mashabiki wanapumua. Huku mnapigwa mechi 162 na mwakani mpo tena. Hamna hata kamati ya ufundi jamani, nilimuuliza Mmarekani mmoja kazini kama timu ina wazee wa kushughulikia mambo ya usiku akanielekeza ofisi ya masoko. Nimefikia hatua najifariji na Baltimore ya 1988 waliofungua msimu kwa kupigwa 21 mfululizo. Ukiona mtu anajipima na Baltimore ya 1988 ujue kashaanza kuongea peke yake kwenye basi.

Sasa tatizo langu mimi sio timu kufungwa, tatizo ni daftari la Mangi. Huyu bwana kagundua kwamba mechi nilizoenda uwanjani msimu huu ni nne na zote tumepigwa, na zile tatu tulizoshinda sikuwepo, moja hata nilikua nina tiketi ila mvua ikanitisha nikabaki ndani nimejifunika blanketi. Akaanza kuniita Gundu. Mara ya kwanza nikacheka. Halafu tarehe 20 Yanga akatufunga 2-1, na ile 5-1 ya Novemba hata kidonda hakijafunga, Mangi akasema unaona, hata Simba unaiangalia wewe. Ikawa sasa Gundu asubuhi, Gundu jioni, mpaka mwenye duka la Kisomali tunaponunua mchele naye ananisalimia "Gundu habari".

Ijumaa nilikua na shifti, White Sox wakampiga Tampa Bay 9-4. Mangi hakuandika neno, alituma tu emoji ya daftari.

Kwa hiyo Jumamosi nilienda kwa hasira. Nataka hilo mlielewe. Sikwenda kuburudika, nilienda kujisafisha jina, na Mangi akaja nyuma yangu kama shahidi wa upande wa mashtaka. Tukakaa upande wa besi ya tatu, chini karibu na uwanja kabisa, maana timu ikiwa inafungwa hivi tiketi nzuri unapata kwa bei ya kiepe kuku. Kulia kwangu babu mmoja mtaratibu ana kitabu chake anaandika kila mpira kwa penseli, kushoto mtoto kama wa miaka saba hivi na mama yake, mtoto kavaa glavu kubwa kuliko kichwa chake, raundi zote hajaivua, anakula hotidogi kwa mkono mmoja na glavu iko juu inasubiri. Mi nina kikombe cha yale mahindi ya Kimeksiko, elote, punje zimekatwa zikachanganywa na mayonesi na jibini na pilipili na ndimu. Mtu wa Coco Beach akiona mahindi yanavyofanyiwa huku anaweza kulia, ila ukionja unanyamaza.

Na mechi ilikua mechi kweli! Tunakimbizana nao, wakipata tunapata. Nikaanza kumwangalia Mangi kwa dharau. Mangi anaangalia daftari.

Haya sasa, tulieni hapa.

Kuna kitu kwenye besiboli kinaitwa faulo. Sio faulo yetu ile ya kumkanyaga mtu. Mpigaji akiugonga mpira ukatoka nje ya mistari ya pembeni hiyo ndio faulo, na mara nyingi unaruka mpaka kwa mashabiki. Nilishaona inatokea, ila kila mara mbali, na sikuwahi kufuatilia mpira ukifika kule unafanywa nini. Kwa nini nifuatilie? Mi nimekulia Temeke, najua mpira ukienda jukwaani unafanywa nini. Unarudishwa. Usiporudisha wewe ni mwizi.

Raundi kama ya nane hivi mpigaji wetu akauchapa ukapanda. Ukapandaaa. Mi naangalia juu, taa zinanichoma macho, nasikia watu wa nyuma wanainuka, babu kafunga kitabu, mtoto kasimama juu ya kiti na glavu yake, na ule mpira unashuka, wadau, unashuka usawa wangu kama mtu kaandika anwani. Sasa mi nilikua golikipa. Wanaonijua Tandika wanajua, sijisifu, chandimu ya jioni nilikua nalala kushoto nalala kulia. Na damu ya ukipa haiombi ruhusa. Kikombe cha mahindi mkono wa kushoto, mkono wa kulia nikaunyoosha juu ya glavu ya mtoto. JUU YA GLAVU YA MTOTO, hapo Mangi hajadanganya, video inaonyesha, nimeiangalia mara kumi na mbili nikitafuta pembe inayonitetea hamna.

Paaa.

Ndugu zangu, ule sio mpira, ule ni jiwe limevalishwa ngozi. Wanasema una mishono 108, mi ninayo kama thelathini hapa kiganjani bado inasomeka. Ila nikaudaka! Mkono mmoja! Na mahindi hayajamwagika hata punje! Watu wakapiga kelele, babu ananipiga bega, Mangi mwenyewe kasahau uadui anaruka, mtu wa nyuma yangu ananipa tano. Nikasema moyoni leo ndio leo, Gundu kafa, huyu hapa mtu mpya.

Sasa kama ningekaa chini hapo, hii posti isingekuwepo.

Nikaangalia mpira. Nikaangalia uwanja. Nikawaona wachezaji kama wamesimama wanasubiri. Ndani ya kichwa changu kukawa na sauti ya Uwanja wa Taifa miaka ile, "rudisha mpira we!", nikaona jamani mpira wa watu huu, na timu yenyewe ya nyumbani hali mbaya, mpira mmoja ukipotea si gharama? Nikajiweka sawa, mguu wa kushoto mbele, nikaurudisha. Tena sio kwa kurusharusha ovyo, nilirusha kwa upole, kwa adabu, kama mtu anamrudishia jirani sufuria. Ukadunda kwenye majani mara mbili ukaenda kutulia karibu na mguu wa kijana wa kuokota mipira, akauangalia, akaniangalia, akauangalia tena.

Kimya. Sekunde moja, mbili.

Na mimi katika ule ukimya nikafanya kitu ambacho nimejaribu kuwaza mtu mwingine alinifanyia nimeshindwa. Nilinyoosha mikono juu ya kichwa nikaupigia makofi uwanja. Kama mchezaji anatolewa dakika ya 89 anawashukuru mashabiki. Na dole gumba nikawaonyesha. Nikasubiri shukrani.

Ndio ikaanza "buuuuu". Ya kwanza nilidhani wanamzomea refa, nikaungana nao! Nilizomea wadau! Nilizomea kwa nguvu, nimeweka mkono mdomoni, mpaka nikaona zile nyuso zote zimegeukia kwangu, na babu kanishika mkono polepole kama unamshika mgonjwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, kwenu mpira unarudishwa?" Nikamwambia ndio mzee. Akasema, "Huku unakaa nao. Ni wako. Watu wanakaa miaka arobaini hawajapata." Akaangalia uwanja kidogo, akasema, "Mimi arobaini na sita."

Nikamgeukia mtoto. Hakulia. Afadhali angelia. Alikua ananiangalia tu, na glavu bado iko juu.

Sijui nani kaniroga nikampa mahindi.

Mama yake akayapokea akayaweka chini taratibu bila kuniangalia. Akaja mhudumu wa uwanja, mmama mstaarabu kabisa, akaniambia bwana haturushi vitu uwanjani, tafadhali usirudie. BASI. Hao ndio polisi wanne wa Mangi. Mmoja, mwanamke, hana hata kirungu, na aliniita "honey". Nikasema samahani, nikakaa, raundi ya tisa nzima nikawa naangalia viatu vyangu, nyuma mtu kila mpira ukitoka anapiga kelele "mrudishie huyo jamaa!" watu wanacheka. Raundi tisa zikaisha tuko sare, ikaenda raundi ya kumi, Tampa Bay wakapata moja, wakawa mbele 7-6. Nikasema haya, cha tano hiki, daftari limejaa. Nikamwambia Mangi naenda msalani.

Na nilienda. Msalani nilifika, ushahidi sina lakini nilifika. Ila kutoka pale miguu ikakataa kurudi kwa yule mtoto, ikanipeleka geti, geti ikanipeleka daraja la Red Line. Nimesimama pale juu nasubiri treni na mkono unawaka moto, ndio nikasikia PUU! PUU! PUU! Nikageuka, fataki. Ule ubao wao mkubwa wa matokeo unarusha fataki kukiwa na homu rani ya nyumbani, yaani mpigaji kauchapa mpira ukavuka uzio wa mbele, ni utamaduni wao tangu 1960. Andrew Benintendi wetu kaupiga mpira mpaka kwa mashabiki, White Sox wamepata mbili kwa mpigo, mechi imeisha hapo hapo 8-7. Kwa mahesabu ya Mangi, na Mangi kapima kwa saa, ni dakika chache tu baada ya mimi kupita geti.

Ujumbe wake ulinifikia kabla treni haijafika: "Wamekutoa tu, mambo yamefunguka."

Mengine mnayajua. Mtoto alipewa mpira mwingine na mchezaji mmoja mwisho wa mechi, Mangi kanihakikishia, na hilo kalisema bila kutania kwa hiyo naliamini. Leo Jumapili nimekaa ndani mkono kwenye barafu, redio sijafungua, dirisha nimefunga, White Sox wameshinda 4-2. Tatu mfululizo. Hawajawahi msimu huu. Tumeshinda sita jumla na zote sita sikuwepo, sio Mangi tena, hata mimi mwenyewe nikiangalia daftari naona jamaa ana hoja.

Kesho Minnesota wanakuja hapa. Babu wa penseli alikua ameshanieleza kwamba ana tiketi ya ziada, ile kabla ya mpira kushuka. Sijui kama ofa bado ipo na siendi kuuliza.

Ila kilichoniuma zaidi ni mchana huu kwenye grupu. Wana Simba wenzangu, watu niliovaa nao jezi nyekundu mvuani, wamepiga kura niwe nasubiri matokeo kwa meseji tu, mechi nisiangalie. Na watani wa Yanga nao wameshaanza kuchanga, Mangi ndio mweka hazina, wanataka kunilipia kifurushi cha kuangalia mpira mpaka mwisho wa msimu, sharti moja tu, nisikose mechi ya Simba hata moja.

Nimewaambia ntafikiria. Kifurushi chenyewe ni kile kikubwa.