Shamba lisiloruhusiwa kulimwa ni la nani?

Wengi wetu tuliujua mzeituni kwanza kwa kuusikia, chuoni katika Suratut-Tin au kanisani pale Mlima wa Mizeituni unapotajwa. Kwa Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi mti huo ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya nyumba, na pia ni ushahidi mbele ya sheria. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulijadili, kwa sababu linatuonyesha namna ardhi inavyoweza kumponyoka mwenyewe polepole, kwa mihuri na vibali, hata katika miaka ambayo hakuna kamera ya habari iliyoelekezwa huko.

Mavuno huanza Oktoba, mara nyingi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi kwenye majani. Ukoo mzima hutoka alfajiri. Turubai hutandazwa chini ya mti, vijana hupanda ngazi, wazee hukaa chini wakichambua majani na vijiti, na chai huchemshwa palepale kwa kuni. Magunia yakishafika kinuni, mafuta mapya hupikiwa musakhan, yaani kuku na vitunguu vingi juu ya mkate mpana, pamoja na kiungo chekundu chenye uchachu. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa familia kati ya 80,000 na 100,000 hupata riziki yao, yote au sehemu yake, kutokana na zeituni. Mti wenyewe una desturi yake: mwaka mmoja huzaa sana, unaofuata huzaa kidogo. Anayekosa msimu mnono hubaki kungoja miaka miwili.

Sasa tazama sheria. Mwaka 1858 Milki ya Osmani ilitunga sheria ya ardhi ambayo, pamoja na mengine, ilimpa haki mtu aliyelima kipande kwa miaka kumi, na kumnyang'anya aliyekiacha miaka mitatu mfululizo bila udhuru. Shabaha ya Istanbul ilikuwa kodi: ardhi ilimwe, hazina ijae. Waingereza walikuja wakaenda, Jordan ikafuata, na tangu 1967 jeshi la Israel ndilo linalotawala Ukingo wa Magharibi. Sheria hiyo bado inafanya kazi. Kwa tafsiri ya Israel, ardhi ambayo haikusajiliwa na haionekani kulimwa vya kutosha inaweza kutangazwa kuwa ardhi ya serikali. Anayedai ni yake ana siku 45 za kupinga, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa hiyo kuchuma zeituni kila mwaka ni njia ya kuandika jina lako juu ya shamba, na kuzuiwa kuchuma ni kama kufutwa jina hilo.

Upande wa Israel una hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni usalama, na si ya kubuni. Katika Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza mwaka 2000, Waisraeli wapatao 1,000 waliuawa. Machi 2002 shambulio moja tu katika hoteli mjini Netanya, watu wakiwa mezani kwa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, liliua 30. Mwaka huohuo ndipo Israel ilipoanza kujenga ukuta wa kuitenga na Ukingo wa Magharibi, na mashambulizi ya kujitoa mhanga yalipungua sana baadaye, ingawa watafiti wanabishana ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na ukuta. Kisha ikaja Oktoba 7, 2023, ambapo Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 na kuwateka 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, na familia zao hapa kwetu bado zina majonzi. Mtu anayeilaani vita ya Gaza, iliyoua Wapalestina zaidi ya 60,000 kwa hesabu za wizara ya afya ya huko, hana sababu ya kuwaruka vijana hao katika simulizi lake.

Lakini hoja ya usalama lazima ipimwe shambani. Ukuta ungejengwa juu ya mpaka wa kabla ya 1967, mjadala ungekuwa mwingine. Takriban asilimia 85 ya njia yake iliyopangwa imepita ndani ya Ukingo wa Magharibi, ikizunguka makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia huko, na kuacha mashamba ya Wapalestina ng'ambo. Mwenye shamba huomba kibali, kisha hungoja geti lifunguliwe na askari, mara nyingi kwa siku chache tu za msimu. Mzeituni unahitaji kupaliliwa na kupogolewa miezi mingine pia. Ufuatiliaji wa Umoja wa Mataifa umeonyesha kuwa mizeituni iliyo nyuma ya ukuta hutoa zao pungufu kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na iliyo upande wa pili. Baada ya Oktoba 7 vibali vingi vilisimamishwa, na msimu ule zaidi ya dunamu 96,000 za mizeituni, karibu ekari 24,000, hazikuvunwa.

Mahakama Kuu ya Israel yenyewe iliwahi kuligusa jambo hili. Jeshi lilikuwa na mtindo wa kuwafukuza wakulima mashambani mwao kila walowezi walipotishia kuwashambulia, kwa maelezo kwamba linawalinda. Mwaka 2006 majaji walikataa: wajibu wa jeshi, walisema, ni kumlinda mkulima afike shambani, na anayeshambulia ndiye wa kuzuiwa. Ni hukumu ya haki, na anayesema kuwa mahakama za Israel hazijawahi kumsikiliza Mpalestina anakosea. Tatizo ni kilichofuata. Shirika la Kiisraeli la Yesh Din limefuatilia kesi za ukatili wa walowezi tangu 2005, na limekuta zaidi ya asilimia 90 ya majalada ya polisi yamefungwa bila mtu kushtakiwa. Oktoba 2025, katikati ya mavuno, Umoja wa Mataifa ulirekodi mashambulizi ya walowezi zaidi ya 260, idadi kubwa kuliko mwezi wowote tangu ulipoanza kuhesabu mwaka 2006. Wapo marabi na Waisraeli wengine wanaokwenda kusimama chini ya miti pamoja na wakulima, wakipigwa nao. Ninawaheshimu sana. Lakini raia wa kujitolea hawezi kubeba kazi ya dola.

Hoja nyingine ni ya kisheria: ardhi ya serikali si ya mtu, kwa nini serikali isiitumie? Hapa historia ina la kusema. Mwaka 1979 Mahakama Kuu iliamuru ardhi iliyotwaliwa karibu na Nablus kwa ajili ya makazi ya Elon Moreh irudishwe. Sababu rasmi ilikuwa usalama, lakini walowezi wenyewe waliiambia mahakama kwamba walikuwa wakitii wito wa dini. Baada ya kushindwa hapo ndipo serikali ilipogeukia kwa nguvu njia ya kutangaza ardhi ya serikali. Na iligawiwa nani? Takwimu za utawala wa kijeshi, zilizotolewa 2018 baada ya shirika la Kiisraeli la Peace Now na wenzake kuzidai, zinaonyesha kuwa asilimia 99.76 ya ardhi hiyo iliyogawiwa ilikwenda kwa makazi ya walowezi. Wapalestina, watu takriban milioni tatu, walipata asilimia 0.24. Serikali inayogawa hivyo haiwezi kujiita mtunzaji wa mali ya umma.

Wapalestina nao wana udhaifu katika kesi yao, na wanasheria wao wanaujua. Kabla ya 1967 ni takriban theluthi moja tu ya ardhi iliyokuwa imesajiliwa kikamilifu. Wazee wengi walikwepa usajili kwa kuogopa kodi na kuandikishwa jeshini, mirathi haikugawanywa, na leo shamba moja lina warithi waliotawanyika hadi Amman na Chile. Mwaka 1968 Israel ilisimamisha usajili, na Mei 2025 baraza lake la mawaziri la usalama likaamua uanze tena katika Eneo C, sehemu iliyo chini ya udhibiti kamili wa Israel, ambayo ni karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi. Watetezi wanasema hati zitamaliza ugomvi. Hati ni jambo jema, sikatai. Ila msajili ni upande mmoja wa ugomvi, mahakama ya kimataifa ya The Hague ilishatoa maoni Julai 2024 kwamba kuwepo kwa Israel huko ni kinyume cha sheria, na mkulima atatakiwa kuthibitisha kilimo cha shamba ambalo jeshi hilohilo lilimzuia kulifikia. Usajili ukifanywa kwa masharti hayo, miaka ya geti kufungwa ihesabiwe kuwa udhuru. Hata ile sheria ya 1858 ilikubali udhuru.