Vyombo vya Bibi Harusi

Mwenzangu wa kazini alikuwa anaolewa Jumamosi, akaniambia nifike kwa wazazi wake Ijumaa jioni, kwenye Polterabend. Nilikuwa na miezi minane Ujerumani na Kijerumani changu kilikuwa bado kinachechemea. Nikamuuliza nije na nini. Akasema usinunue kitu, lete tu vyombo vya kaure, vile vikuukuu.

Jamani, mimi mtoto wa Tanga. Bibi harusi anaolewa kesho, leo watu wanaitwa na vyombo: kama hiyo si kicheni pati, ni nini? Na hilo neno "vikuukuu" nililisikia vizuri sana, ila nikalichukulia kuwa ni adabu tu. Kwetu mtu akikwambia "njoo hata mikono mitupu," ole wako uje mikono mitupu.

Nikaenda dukani nikachukua seti ya watu kumi na wawili: sahani bapa, sahani za supu, vikombe, na bakuli kubwa la mchuzi lenye mfuniko. Nyeupe, ukingo wa dhahabu. Euro 79, na ilikuwa tarehe 22, wanaosubiri mshahara wananielewa. Nikafunga boksi kwa karatasi ya maua na utepe mwekundu. Nikavaa kitenge kipya cha kushonwa, nikafunga kilemba, nikapanda basi la kijijini kwao, huko Münsterland, kaskazini magharibi.

Kutoka kituoni hadi kwao ni mwendo wa dakika kumi na tano kati ya mashamba ya mahindi. Boksi nikalitwika kichwani. Ng'ombe waliacha kula wakanitazama.

Nilipokaribia nikasikia: pwaa! Halafu tena: chwaraa! Na makelele ya wanaume. Nikajua tu, ndoa imevunjika kabla haijafungwa. Nikaingia uani mbio na boksi langu, nikakuta watu kama themanini, wengine na mabuti ya mpira, wengine na suruali za shambani, chini pamejaa vigae vya sahani. Mzee mmoja mwenye masharubu anashusha kitu kutoka kwenye tela. Naangalia: sinki la choo! Akalinyanyua na mwenzake, moja, mbili, tatu, likapasuka mbele ya mlango wa mama mzaa chema.

Kijerumani kikanitoroka chote. Nikatua boksi, nikanyoosha mikono, nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Acheni jamani! Yazungumzwe yaishe!"

Wakanipigia makofi. Walidhani ndiyo salamu zetu za harusi.

Bibi harusi akaja anacheka, akanikumbatia. Moyo ukatulia kidogo. Nikasema basi shughuli iendelee kama inavyotakiwa. Nikapiga vigelegele vitatu vya nguvu, nikakata utepe, nikafungua boksi. Mjomba mwenye masharubu akasogea, akatoa sahani ya kwanza, akaigeuzageuza, akaisifu sana. Kisha akaitupa.

Sijui nilirukaje na kitenge kile cha kubana. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimelikalia boksi, na mjomba amesimama na mkono wake mtupu, ananishangaa.

Bibi harusi akachuchumaa karibu yangu. "Si nilikuambia vikuukuu?" Ndipo akanieleza. Poltern ni kufanya kishindo. Zamani iliaminika kishindo hicho kinawafukuza pepo wabaya wasiisumbue ndoa, na wao wana msemo, Scherben bringen Glück, vigae huleta bahati. Ndiyo maana watu huhifadhi kaure zilizomeguka, marumaru zilizobaki, hata hayo masinki ya choo, wakisubiri jirani aoe. Ni mimi peke yangu niliyekuja na pepo wa kufukuzwa kwa dhahabu.

Sasa watu themanini wamenizunguka, wananingoja. Nifanyeje? Nikasimama, nikachukua sahani, nikafumba macho, nikaiachia. Ilinichoma hadi kwenye ini. Ya pili ikauma kidogo tu. Kufikia ya tano nilikuwa namkumbuka mwenye nyumba wangu na barua zake kuhusu mapipa ya taka, na mkono ukapata nguvu ambazo sikujua ninazo. Watu wanashangilia, kilemba kimeshuka hadi sikioni. Nikatafuta kitu kingine karibu, nikaona glasi ya bia mezani, nikaibamiza chini.

Kimya.

Kimya kile cha mtu aliyekohoa katikati ya dua. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mjomba akanong'ona kwamba kaure huvunjwa, lakini glasi hapana; glasi ndiyo bahati yenyewe, ukiivunja umeivunja. Eti mtu asiyejua atajuaje, vyote si vinapasuka?

Yule bibi akaleta dawa: kaure zaidi. Zivunjwe nyingi za kuifunika ile glasi. Macho yote yakageukia boksi langu. Vikombe vikaenda, sahani za supu zikaenda, mwisho bakuli la mchuzi; mfuniko wake niliurusha mwenyewe.

Baadaye bwana na bibi harusi wakaanza kufagia. Nikashika ufagio, maana mgeni mwema hakai akitazama, nikanyang'anywa: wao wawili tu ndio hufagia, na vijana kazi yao ni kulipindua toroli kila likijaa. Mimi nikapewa supu. Niliinywa kwenye kopo la karatasi, maana sahani hazikuwepo.

Asubuhi mama akapiga simu kutoka Tanga. Yeye ndiye aliyenisisitizia ninunue zenye ukingo wa dhahabu.

"Enhe, mwanangu, vyombo wamevipenda?"

"Wamevipenda, mama. Wamevimaliza vyote jana ileile."

Akanyamaza kidogo. "Walikuwa wengi hivyo?"