Anayenunua uwanja hanunui lami

Kila Safari Rally inapokaribia, kundi letu la WhatsApp la ukoo hujaa picha za vumbi la Naivasha, na baada ya vumbi hufuata ombi la mjomba: nyinyi mlioko North Carolina, Marekani, mtafutieni tajiri wa viwanja vya mbio za magari aje atujengee na sisi. Mjomba anaona kwa kuwa naishi Concord, basi naishi mlango wa pili na matajiri hao. Kwa ujirani hajakosea. Jioni ya mbio za Coca-Cola 600, mwishoni mwa Mei, sihitaji televisheni kujua kwamba zimeanza. Lakini hao matajiri nimeishi nao vya kutosha kuwa na neno la kumwambia kabla hajaandaa mbuzi wa kuwapokea.

Kampuni yenyewe ni Speedway Motorsports. Mwanzilishi wake, Bruton Smith, alizaliwa mwaka 1927 katika familia ya wakulima kule Oakboro, si mbali na hapa. Mwaka 1959 yeye na dereva Curtis Turner walianza kuchimba uwanja wa Charlotte, ambao uko hapa Concord, wakakumbana na mwamba, gharama zikapaa, ufunguzi ukasogezwa hadi Juni 1960, na mwaka uliofuata uwanja ukaingia mikononi mwa mahakama ya kufilisika. Smith akaondoka, akaenda kuuza magari, na huko ndiko alikopata pesa. Akawa ananunua hisa za uwanja ule ule mdogomdogo, hadi kufikia 1975 ukawa tena chini yake. Hapo namvulia kofia. Wengi wetu tukishapigwa na biashara mara moja, hata mtaa wake hatupiti tena.

Baada ya hapo ni kununua viwanja vya Marekani tu. Atlanta mwaka 1990. Mwaka 1995 kampuni ikaingia soko la hisa la New York, ya kwanza ya mbio za magari kuuzwa pale, na pesa za wenye hisa zikageuka viwanja: Bristol mwaka 1996 kwa dola milioni 26, Sonoma mwaka huo huo, Texas ukajengwa na kufunguliwa 1997, Las Vegas mwishoni mwa 1998 kwa dola milioni 215, New Hampshire mwaka 2008 kwa dola milioni 340. Kentucky ukafuata mwaka huo huo. Mwaka 2019 familia ikaiondoa kampuni sokoni ikawa yao peke yao, na 2021 wakachukua Dover pamoja na Nashville. Mzee alifariki Juni 2022. Anayeendesha sasa ni mwanawe, Marcus.

Sasa mjomba atazame bei hizo. Uwanja wa New Hampshire una mzunguko wa takriban maili moja, uko kijijini, na kwa miezi mingi ya mwaka ni bonde la viti vitupu. Hakuna lami duniani ya dola milioni 340. Kilicholipiwa ni nafasi kwenye kalenda. Ligi kuu ya NASCAR, shirika linaloendesha mbio hizi Marekani, ina mbio 36 za pointi kwa mwaka, na kibali cha kila moja hutolewa na NASCAR, wala hakipatikani dukani. Kila kibali huja na fungu la pesa za televisheni. Ukitaka kibali na hupewi, dawa ni kumnunua aliyenacho. Namna hiyo ndiyo kampuni hizi zinavyokua.

Waliolipa gharama yake ni watu wa North Wilkesboro. Ni mji mdogo wa milimani, mwendo wa saa moja na ushei kutoka kwangu, na uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1947, kabla NASCAR yenyewe haijaundwa. Mwanzilishi wake, Enoch Staley, alifariki 1995. Mwaka huo Smith akanunua nusu ya uwanja. Mapema 1996 nusu ya pili ikachukuliwa na Bob Bahre, aliyekuwa mmiliki wa New Hampshire wakati huo. Uwanja ulikuwa na mbio mbili kwa mwaka. Wakagawana: moja ikaenda Texas, nyingine New Hampshire. Septemba 1996 dereva Jeff Gordon alishinda mbio za mwisho pale, watu wakatoka, lango likafungwa. Hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta, wote waliokuwa wakisubiri wikendi mbili za mwaka wakabaki wanasubiri. Magugu yakaota kwenye majukwaa.

Wanaosifu kampuni hukimbilia kusema uwanja umefufuliwa. Ni kweli, na umependeza. Lakini katika kuufufua, jimbo lilitoa dola milioni 18 kutoka fedha za serikali kuu za kujikwamua baada ya korona. Mwaka 2023 mbio za madereva nyota (All-Star) zikafanyika pale, na Kyle Larson akashinda. Mji ulifurahi mpaka watu wakalia. Mimi nilifurahi nao, ila nikawa najiuliza ni biashara gani nyingine ambayo ukiifunga mwenyewe kwa robo karne, unapoifungua umma unakuchangia na juu yake unakushukuru.

Hapa kwetu Concord tuna kisa chetu. Mwaka 2007 Smith alitaka kujenga barabara ya mbio fupi za kasi za mstari ulionyooka (drag) kando ya uwanja, majirani wakalalamikia kelele, baraza la mji likamzuia. Akasema basi, anauhamisha uwanja mzima. Hazikupita siku nyingi, viongozi wa mji na kaunti wakaja na ahadi ya motisha za dola milioni 80, na barabara ya kuingilia ikapewa jina lake. Mwaka 2008 barabara ya mbio ikafunguliwa. Baadaye wakapelekana mahakamani kuhusu pesa hizo zilipwe lini. Mtu atakayehamisha uwanja uliokuwa na viti zaidi ya laki moja sijui anaupakia kwenye lori gani, lakini tishio lilitosha.

Mjomba asidhani nawachukia. Usiku wa mbio ni raha tupu. Taa ziliwekwa 1992, na magari yakipita chini yake yanametameta kama samaki. Kanisa letu liliwahi kupewa kibanda cha chakula: vikundi vya makanisa na shule husimamia vibanda hivyo na kupata sehemu ya mauzo kwa ajili ya mfuko wao. Mama mmoja wa Kisii alisimama kwenye sufuria za soseji tangu mchana hadi usiku wa manane, plagi za sponji masikioni, akipokea oda kwa kusoma midomo ya wateja. Vyoo vilikuwa safi na maji yanatoka. Mwenye kiti cha magurudumu ana mahali pake. Hakuna shabiki anayesimama kwenye kona gari likimjia usoni, kama tunavyoona nyumbani kila mwaka tukifumba macho.

Hayo nayataka yaje Kenya. Lakini Safari ina kitu ambacho Charlotte haina. Tangu 1953 imekimbia kwenye njia zetu, na madereva wetu Joginder Singh na Shekhar Mehta walipitia kwenye mashamba ya watu, mtoto akiwaona kwa macho yake bila kulipa hata ndururu. Kalenda nasi ilituumiza: baada ya 2002 tulitolewa kwenye mashindano ya dunia na hatukurudi hadi 2021. Tofauti ni kwamba sisi hatukuota magugu. Rally iliendelea ikiwa ya ubingwa wa Afrika, madereva wakabaki na gereji zikabaki, kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja aliyeshika funguo za lango.

Nilimwandikia mjomba hivyo kwa kirefu, akajibu kwamba tuliokwenda ng'ambo hatupendi wenzetu waendelee. Nikamwambia habari za Kentucky. Mbio kubwa za kwanza kule zilikuwa 2011, msongamano wa magari ukawa aibu ya taifa, na jimbo likatoa pesa kupanua njia za kuingilia. Mbio za mwisho zilikuwa 2020. Mwaka 2021 kampuni ikapeleka tarehe kwingine, na viwanja vya kuegesha vikajaa malori mapya ya Ford yaliyokosa vifaa vya kielektroniki. Kwa hiyo tajiri akija Nakuru, kaunti yenye Naivasha, nayo ikimpa ardhi na barabara, mkataba useme wazi kibali cha mbio kimeandikwa kwa jina la nani, na kwamba tarehe ikihamishwa ardhi inarudi. Akikataa kutia saini hapo, mbuzi arudi malishoni.