Kumtoa au kumchunia? Shabiki mkorofi asiyeachia

Kundi lolote la mashabiki lililodumu mtandaoni linamjua mtu huyu. Hakosi siku. Anakumbuka nani aliandika nini miezi minane iliyopita, na picha ya skrini anayo. Ukimpinga mara moja umeshakuwa mradi wake: atakufuata kwenye kila mada, atakuingilia inboksi, kisha ataanza kuwaandikia rafiki zako. Wasimamizi nao hugawanyika. Kuna wanaosema achuniwe, atachoka mwenyewe, na kuna wanaosema atolewe leo leo. Pande zote mbili zina hoja, ila hubishana kana kwamba wakorofi wote ni wa aina moja.

Wako wa aina mbili. Mmoja ameshikwa na jambo. Anaamini mpiga gitaa wa zamani alifukuzwa kwa hila, au kwamba tamthilia iliharibika msimu wa tatu, na hata mkiongelea tiketi atawavuta huko. Mwingine ameshikwa na mtu: mwanachama mwenzake, msimamizi, au msanii mwenyewe. Yule wa jambo anachosha, huyu wa mtu anaumiza. Kuwatofautisha hakuhitaji utaalamu. Soma machapisho yake 30 ya mwisho, hesabu ni mangapi yanamtaja mtu yuleyule au yamewekwa chini ya maandishi yake. Yakifika 10, acheni kujadili mada. Mjadala ni juu ya usalama wa mtu.

Wanaotetea subira huanza na jambo ambalo si siri: mkorofi mara nyingi ndiye maktaba ya kundi. Ndiye aliyekusanya orodha ya rekodi, tarehe za maonyesho, tafsiri za mahojiano. Akitolewa, huenda akafuta vyote. (Dawa ya hilo ni ndogo: nakala za orodha hizo ziwekwe mahali panapomilikiwa na kundi, tena kabla ya ugomvi wowote.) Hoja yao nzito zaidi ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2015, Justin Cheng na wenzake walichapisha uchambuzi wa majadiliano kwenye tovuti tatu kubwa, wakiwafuatilia watu walioishia kufungiwa. Walikuta kwamba maandishi ya watu hao yalizidi kuharibika kadiri siku zilivyokwenda, na kwamba ukali uliopitiliza kutoka kwa jamii yao ulichochea tabia hiyo. Kwa maneno mengine, msimamizi mwenye hasira anaweza kumtengeneza adui aliyekuwa tu msumbufu.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Reddit, mtandao wa makundi ya majadiliano, ilifunga baadhi ya makundi yake ya chuki mwaka 2015, na utafiti ulioongozwa na Eshwar Chandrasekharan, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba akaunti nyingi kuliko ilivyotarajiwa ziliacha kutumika, huku waliobaki wakipunguza lugha ya chuki kwa angalau asilimia 80. Tuwe waangalifu hapa: hayo yalikuwa makundi mazima, wala kipimo hakikuwafuata waliohamia nje ya Reddit. Hata hivyo utafiti huo unatikisa dhana kwamba kumfungia mtu humfanya arudi na moto mkali zaidi. Na kuna hasara ambayo wapenda subira hawaioni kwa sababu haipigi kelele. Wanachama wanaochoshwa hawaagi. Wanazima arifa, wiki chache baadaye wametoka, na msimamizi anabaki akidhani kundi limetulia.

Sasa, kuchunia kwenyewe kunafanya kazi? Kwa nadharia, ndiyo. Utafiti wa mwanasaikolojia B. F. Skinner juu ya tabia ulionyesha kwamba tabia isiyolipwa hatimaye hufifia. Ila ulionyesha pia kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja, bila mpangilio, ndiyo ngumu kuliko zote kuifuta. Kundi la watu 400 linalipa hivyohivyo. Watu 398 wanauchuna, mgeni aliyejiunga jana anamjibu, na mkorofi amepata malipo ya wiki nzima. Tena malipo yakikatika kweli, tabia hupanda kabla ya kushuka: ujumbe unaongezeka, matusi yanakuwa makali, jina jipya linatumika. Wasimamizi wengi huvunja ukimya siku hizohizo, na hapo humfundisha kwamba bei ya kujibiwa ni kelele za siku nne badala ya moja. Kuchunia ni kazi ya watu wote kwa pamoja, kumtoa ni kazi ya wawili. Ndiyo maana kwa aliyeshikwa na mtu, msimamo wetu ni kumtoa, bila ngazi za onyo la kwanza, la pili na la tatu. Kila ngazi ni wiki nyingine ambayo mlengwa anaishi nayo.

Kwa aliyeshikwa na jambo, kumjengea ua kunatosha mara nyingi. Mpeni mada moja ya hoja yake, na kikomo cha machapisho mawili kwa siku. Likitokea kwingine linahamishiwa huko bila maelezo marefu. Facebook inaruhusu machapisho ya mwanachama fulani yapitie kwa msimamizi kwanza. Discord, programu ya makundi ya gumzo, ina adhabu ya kumnyamazisha mtu kwa muda, kuanzia sekunde 60 hadi wiki 1. Kuna pia kipunguza kasi, kinachowalazimisha watu kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe, hadi saa 6 kwenye Discord na saa 1 kwenye Telegram. Lakini hicho huwabana wote. Kinafaa kupoza ugomvi wa jioni moja. Kikikaa mwezi, wanaoadhibiwa ni wasio na kosa.

Kumtoa nako kuna mpangilio, na makosa karibu yote hutokea kabla ya kubonyeza kitufe. Ushahidi kwanza. Picha ya skrini ionyeshe tarehe, saa na jina la akaunti, na kiungo cha chapisho kihifadhiwe pembeni. Kwenye Discord na Telegram andikeni pia namba ya utambulisho ya akaunti, kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja na namba haibadiliki. Discord, wakati wa kumfungia mtu, inakupa chaguo la kufuta ujumbe wake wa hadi siku 7 zilizopita. Ukilichagua kabla ya kuhifadhi, umechoma faili lako mwenyewe. WhatsApp ina mtego wake: ukimripoti mtu, kampuni hupokea hadi ujumbe 5 wa mwisho aliokutumia. Ripoti mara tu baada ya tishio. Ukisubiri hadi azungumzie hali ya hewa, hiyo hali ya hewa ndiyo itakayosomwa.

Uamuzi ufanywe na wasimamizi wawili, na asiwemo aliyelengwa hata kama ndiye mwanzilishi wa kundi. Kisha taarifa moja kwa mhusika, sentensi nne: alichofanya, kanuni iliyovunjwa, muda wa kufungiwa, na pa kukata rufaa. Sifa kama "sumu" au "mgonjwa" zisiwemo. Zitasambazwa kila mahali, na msimamizi hana cheti cha kumpima mtu akili. Sababu ni lazima itajwe. Utafiti wa Shagun Jhaver na wenzake wa mwaka 2019, uliofanywa Reddit, ulikuta kwamba kueleza sababu ya kufuta chapisho kunaambatana na uwezekano mdogo wa kosa kurudiwa. Kwa mkorofi sugu faida hiyo huenda isionekane. Wanaoitazama kesi yake, wao wataiona.

Wapo wanaopendelea njia ya kimyakimya: anaendelea kuandika, akiyaona maandishi yake, huku wengine hawayaoni. Programu kadhaa za kuendesha majukwaa zimekuwa na uwezo huo kwa miaka mingi, na kwa wauza matangazo haramu inafaa sana. Kwa mtu wa namna hii ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anahesabu nani kamjibu na nani hakumjibu. Atafungua ukurasa kwa akaunti nyingine, ataona hayupo, na kwa mara ya kwanza atakuwa na malalamiko ya kweli.

Baada ya kumtoa, badilisheni kiungo cha mwaliko saa hiyohiyo na muwashe idhini ya wanachama wapya kwa wiki 4 hivi. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp hilo halitoshi, maana wanachama huonana namba za simu: umemtoa, lakini namba za wote ameondoka nazo. Wanaohusika waambiwe mapema wamzuie mmoja mmoja, na kabla ya hapo wahifadhi mazungumzo, kwa kuwa kuripoti na kuzuia kwa pamoja kunaweza kuyafuta kwenye simu.

Atarudi kwa jina jingine? Pengine. Hujisaliti mwenyewe: alama zilezile za uandishi, saa zilezile za usiku, na ugomvi ulioanzia ulipoachwa. Hapa ndipo kambi ya subira ina haki kabisa ya kupiga kelele, kwa sababu kundi lililoumwa na nyoka huogopa unyasi. Wageni huanza kuhojiwa, na shabiki halali anaambiwa ni yule yule. Hukumuni alichoandika, msihangaike na yeye ni nani. Akaunti mpya ikimfuata mlengwa, inatoka kwa kosa hilo. Ikikaa kwa adabu, basi hata kama ni yeye, mmepata mlichotaka.

Vitisho vya kuua, kuanika anwani ya mtu, au kujitokeza kazini kwake havimo katika mjadala huu wa kumtoa au kumchunia. Hayo ni ya polisi, na ujumbe wa asili usiguswe wala kujibiwa. Shida ni kwamba wasimamizi mara nyingi hawayajui, kwa kuwa hutendeka nje ya kundi. Kwa hiyo siku ya kumi baada ya kumtoa, msimamizi mmoja amwandikie aliyelengwa na kumuuliza waziwazi kama bado anafuatwa kwingine. Asipoulizwa huenda asiseme, na jibu lake ndilo litakaloamua kama faili linafungwa au linapelekwa mbele.